Krosi Iliyokufa Mbezi: Uchambuzi wa Kisa cha Propela ya Fuso

Mlio wa kwanza tuliusikia Msamvu, Morogoro, tukitoka taratibu kituo cha mafuta na lori letu la Fuso. Kwi-kwi-kwi, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mdogo wangu, ambaye ndiye utingo wangu, alitoa kichwa dirishani akasema, "Kaka, huku chini kuna kitu kinalia." Nikakanyaga mafuta, mwendo ukapita kilomita 30 kwa saa, mlio ukapotea. Nikamwambia ni vumbi la breki. Tulikuwa na mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu tukiipeleka Mabibo, kwenye soko ambalo wengi hulijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi, na ndizi haimsubiri mtu. Nyumbani kulikuwa nyuma yetu kilomita 700 hivi. Dar ilikuwa mbele, kilomita 190 na ushei.

Nakisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu madereva tulio wengi, krosi ya propela ikifa tunaamini ni krosi tu imekufa. Propela ni ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi tairi za nyuma, na krosi ni kiungo chake chenye mikono minne kinachoiruhusu kujipinda. Tunanunua nyingine, tunafunga, tunaondoka. Krosi yangu haikufa kifo chake. Kazi ya kuiua ilifanyika wiki tatu kabla ya safari hii, kwenye gereji moja ya njiani, mimi nikiwa nimekaa hatua chache kutoka pale nakunywa chai.

Dalili ya pili ilikuja Vigwaza, kwenye foleni ya mizani. Kila nikiachia klachi ili nisogee, chini ya sakafu panagonga: ko! Nikisimama, nikiondoka tena: ko! Hapo sikuwa na namna ya kujidanganya. Mlio wa kifaranga ni sindano, vile vijiti vya chuma vya beringi ndani ya kikombe kinachovaa kila mkono wa krosi, zikisagana bila grisi. Mlio wa "ko" ni nafasi iliyokwisha kuwa kubwa: injini inavuta, shafti inageuka kidogo bila kufanya kazi, halafu inakutana na chuma. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili kunaweza kupita wiki nyingi. Kwangu zilipita saa chache, na hilo peke yake lilitosha kunionyesha kwamba kuna kitu kinaimaliza krosi ile kwa haraka.

Tulipoipita Kibaha sakafu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba kwenye kioo cha pembeni kila taa ya gari la nyuma niliiona mbili. Saa tatu usiku, karibu na Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nilitoka barabarani nikaegesha pahali tambarare.

Kabla sijaingia uvunguni nilimwambia mdogo wangu aweke mawe, mbele na nyuma ya tairi. Hili nalieleza kwa makusudi. Hendibreki ya gari langu, kama ya malori mengi ya Kijapani ya umri wake, haiko kwenye tairi. Ni ngoma iliyofungwa nyuma ya gia boksi, nayo hushikilia propela, na propela ndiyo inayoshikilia tairi. Krosi ikikatika, au ukifungua shafti mwenyewe, unaweza kuvuta hendibreki mpaka mkono ukauma na gari likaondoka kama halijafungwa kitu. Wapo mafundi waliokandamizwa hivyo, wamelala chini ya gari walilodhani limesimama. Mawe kwanza, tochi baadaye.

Niliweka gia huru, nikaingia uvunguni, nikaishika propela kwa mikono miwili nikaitikisa. Krosi ya gia boksi ilikuwa imekaza. Ya kati, nyuma ya senta beringi inayoishikilia propela katikati, nayo haikuwa na neno la kuonekana. Ya nyuma, ile ya kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilicheza mkononi kama jino la mtoto. Kuzunguka vikombe viwili kulikuwa na unga mwekundu, laini kama bizari. Huo ni kutu ya chuma kinachosagana kikavu. Ukiuona unga ule mahali palipotakiwa kuwa na grisi nyeusi, huhitaji kipimo kingine.

Simu zilianza. Dalali wa Mabibo alikuwa anauliza tuko wapi. Shemeji yangu, ambaye gari ni lake nusu na langu nusu, alipiga kutoka Tukuyu: "Shemeji, umebakiza nini hapo? Isukume polepole ufike, utatengeneza ukishashusha." Kwa hesabu ya barabara alikuwa na haki. Kutoka Mbezi hadi Mabibo haifiki kilomita 20, nasi tulikuwa tumeshakuja mamia.

Nilimkatalia, na hadi leo naona ule ndio uamuzi bora niliofanya katika kisa kizima. Mwendo wa polepole haupumzishi krosi kama watu wanavyodhani. Gia ya kwanza huzidisha nguvu ya injini mara 6 hivi kabla haijafika kwenye propela, kwa hiyo kuanza na kusimama kwenye foleni ndiko kunakoipa krosi kipigo kikubwa kuliko kukimbia kwenye tambarare. Na mbele yetu kulikuwa na Kimara: foleni, mteremko, watu wanaovuka, bodaboda pande zote. Krosi ya nyuma ikikatika pale, shafti inazunguka hewani ikipiga chochote inachokikuta, mipaipu ya upepo wa breki, tangi la dizeli, sakafu. Injini haishikilii gari tena, eksozi breki haina kazi, hendibreki haina kazi. Unabaki na breki ya mguu peke yake, tani kadhaa za ndizi mgongoni, usiku. Nilimwambia, "Shemeji, ndizi zikioza tutalia wawili. Nikiua mtu Kimara nitalia peke yangu." Akanyamaza, kisha akasema sawa.

Kuna aliyependekeza tuvutwe. Hata hilo lina sharti lake: gari likivutwa umbali mrefu na tairi za nyuma zikiwa chini, propela lazima ifunguliwe. Injini ikiwa imezimwa, gia boksi hailainishwi inavyotakiwa huku tairi zinaizungusha ndani. Ungeokoa krosi ukaua gia boksi.

Tukakodi Canter mbili zikahamisha ndizi kabla ya saa kumi alfajiri. Laki tatu zilitutoka kwa hiyo tu, na vijana wa kupakia juu yake. Kulipokucha tulikuwa na gari tupu, mawe kwenye tairi, na njaa.

Mama wa chai na vitumbua pale pembeni ndiye aliyetuelekeza kwa fundi. Alisema, "Kuna mzee mmoja, anachelewa kazi lakini haurudi kwake mara mbili." Mzee alikuja saa moja na nusu, na begi la spana begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi nalo?"

"Tukuyu."

"Pole. Uko mbali na kwenu."

Hakuuliza linalia wapi. Aliingia uvunguni na chaki, akachora msitari kwenye kila flenji, pale vipande vinapoungwa kwa bolti, kabla hajagusa bolti hata moja: gia boksi, senta beringi, splaini, difu. Ndipo akafungua. Nilimwona akichora, nikadhani ni mazoea ya uzee.

Krosi ya nyuma ilipotoka, alifuta mafuta kwenye mikono yake minne akanionyesha kwenye mwanga wa jua. Miwili ilikuwa na mistari iliyochimbika, imepangana kama alama za kucha kwenye ngozi. Kila msitari ni sindano moja iliyopiga mahali palepale mara nyingi mno. Mkono wa tatu ulikuwa na kutu. Wa nne, na hapa ndipo palinishangaza, ulikuwa mzima kabisa, una grisi mbichi. Mzee akasema niende na krosi yenyewe mkononi, nisiende na jina la gari mdomoni.

Ushauri huo una thamani kwa yeyote atakayeharibikiwa ugenini. Nilipanda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Gerezani, nikatembea kuingia kwenye maduka ya spea ya Kariakoo. Duka la kwanza walinipa krosi "ya Fuso" bila hata kuangalia niliyobeba. Tulipozilinganisha, urefu ulikuwa sawa lakini kikombe kilizidi unene kwa kiasi cha milimita moja. Kwa macho zilifanana kama mapacha. Vipimo ni viwili, navyo huchukuliwa kwa vernia, kile kipimio cha milimita: unene wa kikombe, na urefu kutoka kichwa cha kikombe hadi kichwa cha kile kinachotazamana nacho. Angalia pia klipsi zinakaa nje ya kikombe au ndani, na nipo ya grisi, ile chuchu ya kuingizia grisi, iko katikati ya krosi au kwenye kichwa cha kikombe. Duka la tatu ndilo lenye yenyewe. Niliomba kikombe kimoja kifunguliwe mbele yangu, nikahakikisha sindano zimejaa mzunguko bila pengo, na mpira wa kuzuia vumbi unabana vizuri kwenye mkono wa krosi. Muuzaji alinuna kidogo. Hela ni yangu.

Nilirudi Mbezi saa saba mchana, nina furaha, nikijua jioni tutakuwa Chalinze. Nikakuta propela imelazwa juu ya matofali, mzee amekaa kwenye ndoo anaitazama. Hakuipokea krosi.

"Mwanangu, nani aliifungua propela hii kabla yangu?"

Nikamweleza. Wiki tatu nyuma mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika, nikaingia gereji, wakabadilisha. Kwani kuna nini?

Akaniita nisimame nyuma ya shafti niitazame kwa urefu, kama mtu anayeangalia ubao kama umenyooka. Ile nusu ya nyuma ya propela ina yoki mbili: moja upande wa senta beringi, moja upande wa difu. Kila yoki ina masikio mawili yanayoshika krosi. Masikio ya mbele na ya nyuma yanatakiwa kulala kwenye msitari mmoja. Yangu yalipishana, ya mbele yakitazama saa sita, ya nyuma yakitazama karibu na saa moja na nusu. Katikati yao iko splaini, ile sehemu yenye meno inayoruhusu shafti kurefuka na kufupika springi zinapocheza. Pale gereji bolti za difu zilikuwa na kutu, wakaona uvivu kuzifungua. Walifungua upande wa gia boksi na senta beringi, wakachomoa kwenye splaini, wakabadilisha beringi, wakairudisha kwenye jino lolote lililokubali kuingia. Shafti nyingine zina jino pana linalokataa kosa hilo. Ya kwangu haikuwa nalo, wala hapakuwa na alama ya chaki wala ya tindo.

Kwa nini kupishana kidogo kuue chuma? Mzee alinieleza kwa mikono, na mpwa wangu anayesoma VETA alinichorea baadaye, nami nikaelewa hivi. Krosi inapofanya kazi kwenye pembe haipeleki mzunguko sawasawa. Upande wa kupokea unakimbia kidogo kisha unachelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye pembe ya digrii 10, tofauti hiyo inafika asilimia 1.5 juu na chini ya mwendo wa kawaida. Ni ndogo, lakini propela ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hiyo ni misukumo 4,000 kila dakika. Dawa yake ni krosi ya pili iliyogeuzwa kiasi cha kukosea kinyume chake: ya kwanza inapokimbiza, ya pili inachelewesha, na difu inapokea mzunguko laini. Ndiyo maana masikio lazima yalingane, na pembe za krosi hizo mbili lazima zikaribiane, tofauti isizidi digrii moja hivi. Masikio yakipishana, krosi hazisahihishani tena. Mbaya zaidi zinaongezeana. Mtikisiko wote unapita kwenye sindano.

Madereva wa Kongo tunaokutana nao Tunduma huiita krosi kardani, kwa jina la Mtaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16. Jambo lenyewe ni la zamani kiasi hicho, na bado tunalikosea kila siku kwenye gereji za njiani.

Hapo nikakumbuka. Tangu natoka gereji ile, gari lilikuwa linatetemeka kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Nilidhani ni tairi. Pale Makambako nilibadilisha tairi mbili za nyuma nafasi zake, nikalipa, mtetemeko haukuondoka, nikauzoea. Naona hapa ndipo kosa langu lilipo hasa, kuliko pale nilipokunywa chai bila kusimamia. Gari lilikuwa zima likaanza kutetemeka siku ileile propela ilipofunguliwa. Mtetemeko uliozaliwa siku ya matengenezo hutafutwa kwenye yale matengenezo.

Lakini kupishana kwa masikio hakukuwa peke yake, na mzee hakuniruhusu nimbebeshe kosa lote fundi wa watu. Ule mkono wa krosi wenye grisi mbichi ulikuwa na maana. Mdogo wangu alikuwa anapiga grisi kila safari, hilo naliapia. Ila aliyefunga krosi ile zamani aliiweka nipo ikiangalia upande ambao bomba la grisi linaingia kwa shida, likiwa limepinda. Grisi iliyoingia ilikwenda kwenye kikombe chenye njia rahisi, ikatokea pale, nasi tukaiona ikitoka tukasema imeshiba. Krosi haijashiba mpaka grisi itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, tikisa shafti, sukuma yoki kuondoa uzito kwenye kikombe kile, piga tena. Kikiendelea kugoma, krosi hiyo ina siku zake.

Nikipima kila sababu, ningesema ukavu ungeiua krosi ile baada ya miezi, na kupishana kwa masikio kuliifupisha ikawa wiki tatu. Mzee aliona vilevile. Alama za sindano zilikuwa mbichi, zinang'aa. Kutu ilikuwa ya zamani.

Kufunga kulichukua muda kuliko nilivyotaka, na nilikaa uvunguni muda wote. Vikombe vya zamani hakuvitoa kwa nyundo juu ya masikio. Aliviminya kwenye jiliwa, akitumia boksi spana mbili, ndogo ya kusukumia na kubwa ya kupokelea, maana sikio la yoki likipinda hata kidogo, krosi mpya itakaa imebanwa na itaungua. Alisafisha matundu kwa msasa laini. Kabla ya kuingiza kila kikombe alizipaka sindano grisi nzito ili zisimame. Kikombe cha tatu kilifika karibu na mwisho kikakataa, klipsi haiingii. Mdogo wangu akanyanyua nyundo. Mzee akamshika mkono: "Sindano imelala chini. Ukipiga, unaivunja." Wakakitoa, kweli, sindano moja ilikuwa imeanguka kwenye kitako cha kikombe. Ikasimamishwa, kikombe kikaingia kwa kidole. Alipomaliza aligusa yoki kwa nyundo kidogo ili krosi itulie, akaipindua kwa mkono. Ilicheza pande zote, nzito kidogo, bila kukwama.

Kisha akachomoa splaini, akalinganisha masikio, akairudisha. Nipo za krosi zote akazielekeza upande mmoja, bomba linapofika bila kupinda. Akachora mistari miwili ya rangi nyeupe kwenye splaini, mmoja kila upande, ikitazamana. Aligundua pia kwamba kitanzi cha chuma kinachopita chini ya propela, cha kuipokea ikianguka, hakikuwepo. Sikuwahi kujua kama kinatakiwa kuwepo. Kijana wa kuchomelea wa jirani alikitengeneza kwa flati ba, chuma bapa, kwa bei ya chakula cha mchana.

Tulijaribu gari hadi Kibaha na kurudi, tupu, kilomita 70 kwa saa, kioo cha pembeni kimetulia. Mzee akakaza bolti za flenji mara ya pili zikiwa na joto, akasema nizikague tena nikifika Chalinze. Alitaja bei yake na sikubishana naye.

Kurudi Tukuyu tulisimama Chalinze, kisha Msamvu palepale kwenye kituo kile cha mafuta. Mawe kwenye tairi, nikaingia chini, nikaweka kiganja kwenye krosi moja baada ya nyingine. Ya nyuma ilikuwa na vuguvugu sawa na ya gia boksi. Mistari ya rangi ilikuwa bado inatazamana. Ya kati ndiyo niliyoiwazia sana, kwa kuwa ilikula mtikisiko uleule kwa wiki tatu zilezile, ingawa yenyewe ilikuwa inapata grisi. Mkononi haichezi. Nimeshanunua nyingine, iko nyuma ya kiti, na Jumamosi gari likipumzika tutaifunga, chaki ikitangulia.